Swali gumu kwa dairekta mchokozi: uliulizeje?

Msomaji wa Sinza, Dar es Salaam, anauliza: "Shikamoo. Klabu yetu ya filamu imepata ukumbi Upanga, na dairekta mmoja anayejulikana kwa uchokozi amekubali kuja filamu yake itakapoonyeshwa. Nimepewa saa moja nimhoji mbele za watu. Mwaka jana niliandika uhakiki mkali wa filamu hiyo. Kuna sini ambayo dada wa kazi anachomwa mkono kwa pasi, dakika nne bila kukata, nami niliiita unyonyaji wa maumivu. Aliusoma. Isitoshe, yeye ana miaka 58 na mimi 27. Naogopa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na naogopa pia kuonekana sina adabu. Nianzie wapi?"

Marahaba. Anzia kwenye pasi.

Barua yako imetaja sini moja, kitu kimoja na muda wake, na hapo umeshawapita waulizaji wengi wanaogombana na waongozaji jukwaani. Wao huuliza kuhusu nia, tabia au maadili ya mtu, na hayo mwongozaji mchokozi ameulizwa miaka nenda rudi. Majibu yake yako mfukoni. Asichoweza kukikwepa ni uamuzi alioufanya mwenyewe, ambao kila aliyekaa ukumbini ametoka kuuona kwa macho yake. Kwa hiyo swali lako litoke kwenye picha, na kila akiliondoa pale ulirudishe.

Mwaka 2009 kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Lars von Trier, mwongozaji wa Denmark, alipopeleka filamu yake ya kikatili ya Antichrist, mwandishi mmoja wa Uingereza alimtaka aeleze na kuhalalisha kwa nini aliitengeneza. Von Trier akasema hawiwi maelezo na mtu, na katika kikao kile kile akajiita mwongozaji bora duniani. Swali lile lilikuwa na hasira ya haki kabisa, lakini halikutaja sini hata moja, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kujibu zaidi ya kujitetea. Januari 2013 mwongozaji Mmarekani Quentin Tarantino alihojiwa London na televisheni ya Channel 4 kuhusu filamu yake Django Unchained, akaulizwa habari ya ukatili wa kwenye filamu na ukatili wa mitaani. Alikataa katakata, akasema msimamo wake juu ya jambo hilo umejulikana kwa miaka 20. Mtu aliyekwisha kuulizwa swali kwa miaka 20 hawezi kukupa jibu jipya kwa swali lile lile, hata angetaka.

Sasa tazama Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, mwaka 1965, alipokaa na mwongozaji Mfaransa Jean Rouch kuzungumzia filamu ambazo Rouch alizipiga Afrika Magharibi. Sembène hakuanza kwa shutuma. Alianza na filamu moja, Moi, un noir, akaisifu, akasema hata Mwafrika angeweza kuitengeneza. Kisha akageukia zile nyingine, akamwambia usoni kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Zaidi ya miaka 60 imepita na neno lile bado linamfuata Rouch katika kila mjadala wa kazi zake. Liliuma kwa sababu aliyelisema alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba anazijua filamu hizo moja moja, na kwamba anaweza kutenganisha nzuri na mbaya.

Basi kazi yako ya kwanza ni kuijua filamu. Itazame mara tatu kabla ya siku yenyewe. Mara ya kwanza bila kalamu, na ikiwezekana pamoja na watu, uone wanaposhtuka na wanapotoa simu. Mara ya pili ukiwa na daftari, uandike dakika na sekunde za kila sini inayokusumbua. Mara ya tatu zirudie sini hizo peke yake: kwanza umezima sauti, halafu umeipa skrini kisogo unasikiliza tu. Wengi huiruka hatua hii ya mwisho, na ndiyo inayozaa maswali. Ukizima sauti utaona kamera imewekwa wapi, iko juu kiasi gani, na fremu imemkata nani. Ukisikiliza bila kuangalia utajua kama kuna muziki ulioingizwa kukuamrisha ulie, au kama redio ya jirani inaendelea kupiga nje ya dirisha kana kwamba hakuna kinachotokea ndani.

Ifanyie hivyo sini ya pasi. Umesema ni dakika nne. Ipime kwa saa. Sini ya mateso huonekana ndefu kuliko ilivyo, na ukitamka dakika nne halafu yeye akakusahihisha kwamba ni mbili na sekunde arobaini, imani ya ukumbi imekutoka na hairudi jioni ile. Angalia kimo cha kamera. Iko usawa wa macho ya binti aliyepigishwa magoti, au usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama? Hapo hapo ndipo mtazamaji anapoambiwa akae upande wa nani. Angalia sura ya nani iko kwenye fokasi. Angalia kama pasi inaonekana ikigusa ngozi, au tunaona waya ukivutwa kutoka ukutani, mvuke ukitoka, na mengine tunayasikia.

Tuseme umegundua kwamba sura ya binti inaonekana muda wote, na mama mwenye nyumba amekatwa na fremu kuanzia shingoni kwenda juu. Swali lako ni hili:

"Kwenye sini ya pasi kamera inasimama mlangoni kwa dakika nne. Sura ya binti tunaiona mwanzo hadi mwisho, sura ya mama mwenye nyumba hatuioni hata mara moja. Uliamuaje kwamba wa kutazamwa ni anayechomwa?"

Sentensi mbili za kueleza kilichopo, ambazo hawezi kuzikana, na moja ya kuuliza. Hakuna neno "unyonyaji" wala "ukatili", na bado ni swali zito kuliko yote uliyokuwa umeyafikiria, kwa sababu linamwuliza kwa nini mtesaji amefichwa uso na mteswa ameanikwa. Huenda ana jibu zuri. Huenda atasema mama yule angeweza kuwa yeyote aliyekaa ukumbini, ndiyo maana hakumpa sura. Hapo umepata kitu ambacho uhakiki wako haukuwa nacho. Huenda pia akababaika, na wote watamwona akibabaika bila wewe kuongeza neno.

Nimeandika "uliamuaje", sikuandika "kwa nini". Kwa Kiswahili chetu "kwa nini ulifanya" ikitoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa ina harufu ya kesi, kama mwalimu wa zamu anayehoji mchelewaji. "Uliamuaje", "ilikuwaje mpaka", "siku ya kupiga sini hii mlianza na nini" humrudisha mtu kazini kwake, na mtu akizungumzia kazi yake husema mengi kuliko alivyokusudia. Epuka pia kumalizia na "si ndiyo?", maana hapo umeshajijibu. Usiunganishe maswali mawili kwa "na pia". Atachagua lililo jepesi, nalo zito litapita hivi hivi.

Jambo jingine: usijifiche nyuma ya "watu wanasema". Anajua ni wewe uliyeandika. Fika na nakala ya uhakiki wako, usome sentensi yako moja, ile ile, bila kuilainisha: "Mwaka jana niliandika kwamba sini hii ni unyonyaji wa maumivu. Ulipoisoma, ni wapi uliona nimekosea kuisoma picha?" Hili litamshangaza kuliko shambulio lolote, kwa kuwa alijiandaa kukutolea hilo neno yeye mwenyewe. Kama kuna mahali umebadili mawazo baada ya kuitazama upya, sema. Kama hujabadili, sema pia.

Kuhusu umri. Shikamoo yako impate nyuma ya jukwaa, kabla ya maiki kuwashwa, na umpe kiti na maji kama unavyompa mgeni wa nyumbani. Jukwaani umkaribishe kwa jina lake na kazi zake, ukipenda uongeze "mzee wetu" mara moja tu, basi. Baada ya hapo mwite "mwongozaji" au jina analofahamika nalo. Ukimwita "baba" katika kila sentensi utakuwa umejikalisha kwenye mkeka wa mtoto, na mtoto hamwulizi baba yake habari za pasi. Tumia "wewe" ya kawaida bila kuogopa. Adabu ya Kiswahili iko kwenye sauti, kwenye kutomkatiza, na kwenye vitenzi kama "naomba unieleze". Ukimsikiliza mpaka amalize, hakuna atakayesema umekosa heshima, hata swali liwe gumu namna gani.

Siku mbili tatu kabla, mpigie simu umweleze maeneo utakayogusa: uhakiki wako, sini ya pasi, na jinsi mwigizaji alivyolindwa. Maneno kamili ya maswali usimpe, wala usikubali orodha ihaririwe na meneja wake. Mtu akiviziwa hujifunga, na akipewa maswali yote huja na hotuba. Mwombe kibali cha maandishi cha mambo mawili: kurekodi mazungumzo, na kuonyesha kipande cha filamu. Kipande kisizidi sekunde 60. Kikate faili la peke yake la MP4, kiweke kwenye flashi mbili, na ukijaribu kwenye kompyuta ile ile ya ukumbi, kwa projekta na spika zile zile, saa moja kabla ya watu kuingia. Kinachoharibika mara nyingi ni sauti: picha inatoka ukutani, sauti inabaki ndani ya laptopu. Chapisha pia picha mbili tatu za sini hiyo kwenye karatasi ya A3. Umeme ukikatika utaziinua mkononi na mazungumzo yataendelea.

Kuna sheria moja ya kushughulikia mapema. Filamu ya kuonyeshwa hadharani inatakiwa iwe imepitishwa na Bodi ya Filamu na kupewa daraja la umri, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Msidhani kuwa klabu kunawaondolea sharti hilo. Waulizeni Bodi, na mlangoni muwe na mtu wa kuangalia umri wa wanaoingia.

Ratiba nayo ina hila zake hapa mjini. Filamu ya dakika 95 ikianza saa 10:30 jioni itaisha kama saa 12:05. Kwa Dar, adhana ya magharibi huingia kati ya saa 12:15 na saa 12:50 hivi, kutegemea mwezi, na Upanga utaisikia kutoka pande mbili au tatu. Usiliweke swali lako zito hapo. Toa mapumziko, watu waswali na wanywe chai, na wale walionaswa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro wapate kufika. Mazungumzo yaanze saa 1:00 kamili usiku.

Andika maswali 20, ubakize saba. Mawili ya mwanzo yawe ya ufundi halisi, ambayo anafurahia kuyajibu na hadhira inajifunza: jiko lile ni nyumba ya mtu au limejengwa, taa zilitoka wapi, walirudia mara ngapi. Mwongozaji Mfaransa François Truffaut alipomhoji mwongozaji mwenzake Alfred Hitchcock mwaka 1962 alikwenda naye filamu baada ya filamu, kwa siku kadhaa, mkalimani akiwa katikati yao, na mambo ya ndani yalitoka humo humo kwenye maelezo ya lenzi na ngazi na vivuli. Wewe huna siku kadhaa, lakini dakika 10 za ufundi unazo. Kipande kionyeshwe dakika ya 15, swali la pasi lifuate hapo hapo. Wengi huliacha swali gumu hadi mwisho kwa woga, na hilo ni kosa: atajibu kwa sentensi moja, mshereheshaji atasimama kushukuru wadhamini, na jioni imekwisha. Dakika ya 15 bado una dakika 30 za kumfuatilia, na 15 za hadhira.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano, na akisita hesabu tena. Kimya jukwaani ni kizito na mmoja wenu atakijaza, asiwe wewe. Waulizaji wachanga hulainisha swali wenyewe, "namaanisha tu, labda, sijui kama…", na kumpa mlango wa kutokea.

Atajaribu kukwepa, na njia zenyewe si nyingi. Akisema filamu ijisemee, mkubalie, kisha mwambie umeiona ikisema jambo fulani dakika fulani, na unataka kujua kama ndilo alilotaka liseme. Akikuuliza kama wewe umewahi kutengeneza filamu, jibu ukweli, "Sijatengeneza, mimi ni mtazamaji, na ulinitengenezea mimi", kisha rudia swali neno kwa neno. Akianza hadithi ndefu ya bajeti, mwache dakika moja, maana mara nyingine bajeti ndiyo jibu: shoti moja ndefu huokoa siku nzima ya kupiga picha. Muulize basi: angekuwa na siku mbili zaidi, angeipiga vilevile?

Ngao kubwa kuliko zote ni ile ya "msanii ni kioo cha jamii". Utaisikia, nakuhakikishia, na watu watapiga makofi. Usiipinge kwa nadharia. Kioo hakichagui pa kusimama, na hakina saa. Kamera yake ilibebwa na watu ikawekwa mlangoni, ikafungwa kwenye miguu mitatu, na yeye ndiye aliyesema "anza" na "kata". Mwambie hivi kwa upole: "Sawa, kioo. Sasa hiki kioo kiliwekwa mlangoni, hakikuwekwa dirishani wala sakafuni. Nani alikiweka, na alitaka nisione nini?" Ukilipata jibu la swali hilo, hata likiwa la hasira, saa yako imelipa.

Hadhira ni sehemu ngumu kuliko mgeni. Mwombe rafiki mmoja ashike maiki ya tatu na asiiachie mkononi mwa mtu yeyote. Anaielekeza mdomoni mwa muulizaji na kuirudisha. Chukua swali moja, lijibiwe, ndipo uchukue jingine. Ukikusanya matatu kwa pamoja atajibu lile la sifa. Lazima atatokea mtu wa kusimama na kusema "unaichafua nchi". Hilo tunalijua tangu filamu ya mapanki (mabaki ya samaki baada ya kutolewa minofu), Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyopigwa Mwanza na kutoka mwaka 2004. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na mjadala wetu ukazama kwenye sifa ya taifa: mapanki ni chakula au si chakula, tumeaibishwa au hatujaaibishwa. Swali la kihakiki lilikuwa jingine kabisa. Filamu ile inamwachia mtazamaji hisia kwamba ndege za kubebea minofu ya sangara huja na silaha, lakini silaha zenyewe hazionekani Mwanza; kilichopo ni maneno, likiwemo simulizi la rubani kuhusu kupeleka vifaru Angola. Umbali kati ya kinachoonekana na kinachosemwa ndio ulipaswa kuulizwa, na unaulizika kwa heshima yote. Kwa hiyo mtu akisimama na hoja ya kuchafua, usimnyamazishe. Muulize ni sini ipi iliyomwuma. Akiitaja, umepata swali halali la kumpelekea mgeni.

Kuna kitu kimoja ambacho sitaki ukipunguze hata kama muda utabana: usalama wa mwigizaji. Muulize mwongozaji kwa utaratibu. Sini ilifanyiwa mazoezi mara ngapi? Nani alikuwemo chumbani siku ya kupiga? Pasi ilikuwa ya moto, ya baridi, au ya kuigiza? Kulikuwa na neno au ishara ambayo binti akiitoa kila kitu kinasimama? Alikuwa na miaka mingapi? Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na jibu hapa linabadilisha maswali yote yanayofuata. Lakini kabla ya siku hiyo, mtafute mwigizaji mwenyewe, umwambie utaiuliza habari hiyo na umsikie. Kama hataki jina au mkasa wake vitajwe, usivitaje, na usimwulize mwongozaji lolote kuhusu maisha yake binafsi. Haiwezekani ukemee unyonyaji wa maumivu ya binti kwenye skrini huku ukiyatumia maumivu ya binti halisi kujaza ukumbi. Na kama una madai ya kosa la kisheria, iwe mkataba au malipo, usiyarushe jukwaani bila nyaraka mkononi; kashfa ina kesi yake.

Akikasirika, shusha sauti yako chini ya yake na uzungumze polepole. Akisimama kuondoka, usimfuate wala usimtupie neno la mwisho. Mshukuru kwa jina, washa taa, rudisha kipande ukutani bila sauti, na uwape hadhira maiki waizungumzie sini yenyewe. Usiku huo huo anza kuandika yaliyorekodiwa, sauti za watu zikiwa bado masikioni. Saa moja ya mazungumzo hula kama saa tano za kuandika. Maneno yake yaache alivyoyasema, pamoja na Kiingereza alichochanganya na sentensi alizoacha njiani, na mahali aliponyamaza andika kwamba alinyamaza na kwa sekunde ngapi. Ukimaliza, mtumie nukuu zake ahakiki usahihi wa majina na tarehe, na umwambie mapema kwamba hilo tu ndilo unaloomba alisahihishe.